Chunusi: jinsi ya kuijua, kuitibu na kuipa dawa muda wake

Chunusi unayoiona leo kwenye kioo haikuanza jana usiku. Ilianza kujijenga chini ya ngozi wiki nyingi zilizopita, mara nyingi karibu miezi miwili, kwenye kitundu kidogo ambacho jicho halikioni. Hilo ukilishika, mengine yote yanaeleweka: kwa nini krimu mpya haiwezi kukupa uso mpya kwa siku tano, kwa nini dawa inapakwa hata pale pasipo na kipele, na kwa nini kitu kinachofuta chunusi ndani ya siku tatu kinastahili kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa muda wa kutosha kuona kwamba wengi hawashindwi na chunusi. Wanashindwa na haraka. Leo krimu hii, wiki ijayo ile, mwisho wa mwezi mchanganyiko wa saluni. Mpango ulio hapa chini ni wa miezi mitatu, na dawa zake nyingi hazihitaji daktari. Nimesema pia ni wapi anahitajika, tena bila kuchelewa.

Hatua ya 1: Jua kinachotokea ndani ya ngozi

Kila kinyweleo kina kitundu chake, na pembeni ya shina la unywele kuna tezi inayotoa mafuta. Tezi hizi zimejazana usoni, kifuani, mabegani na mgongoni, ndiyo maana chunusi huota huko na hazioti kwenye viganja. Balehe inapofika, homoni za kiume, ambazo wasichana nao wanazo kwa kiasi chao, huziamsha tezi zikatoa mafuta kupita kawaida. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa, ambazo zilipaswa kubanduka na kutoka, zinanatana na kuziba mdomo wa kitundu. Mafuta yanakwama ndani. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu hata asiye na kipele hata kimoja, anayapenda sana mazingira hayo yenye mafuta na yasiyo na hewa. Anazaliana, kinga ya mwili inakuja kupambana naye, na hapo ndipo panapovimba, panauma na kutunga usaha.

Basi mambo ni manne: mafuta mengi, kitundu kuziba, bakteria, na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili. Dawa yoyote ya maana inagusa moja au zaidi kati ya hayo. Uchafu haumo kwenye orodha. Ile nukta nyeusi unayoiona puani ni mafuta na rangi ya ngozi iliyobadilika baada ya kukutana na hewa, kwa hiyo hata uisugue kwa dodoki mpaka ngozi iwake, haitoki. Kukosa mume au mke nako hakumo. Wanaosema "ukiolewa zitaisha" wameona jambo la kweli wakalipa sababu ya uongo: umri wa kuoa na kuolewa ndio umri ambao kwa wengi homoni zimeanza kutulia. Na si kwa wote. Wanawake wengi wanaendelea kupata chunusi wakiwa na miaka 30 na zaidi, hasa kidevuni na kwenye taya, zikichachamaa wiki moja kabla ya hedhi.

Ukoo nao una sehemu yake. Kama baba na mama waliteseka nazo ujanani, watoto wana nafasi kubwa ya kuzirithi, na hakuna cha kujilaumu hapo.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni chunusi

Hapa watu wanapoteza pesa nyingi kwa kutibu kisichokuwepo. Alama ya chunusi halisi ni vichwa: vidogo vyeusi, au vyeupe vilivyofunikwa na ngozi. Vipo hata pale chunusi kubwa zinapotawala. Kama uso una vipele vingi lakini ukitazama karibu na dirisha, mchana, huoni kichwa hata kimoja, simama kwanza.

Vipele vya ndevu ni kitu kingine. Vinatoka shingoni na chini ya taya siku chache baada ya kunyoa, kwa sababu nywele zetu zilizojikunja zinakatwa karibu mno na ngozi kisha zinageuka na kuingia ndani. Dawa yake ya kwanza ni kumwambia kinyozi aache milimita moja au zaidi na asirudie mashine kinyume na uelekeo wa ndevu. Vile vya kisogoni, vigumu, ambavyo baadaye hugeuka kovu lililotuna, vinahitaji daktari mapema maana vikizeeka havirudi nyuma.

Kuna na vipele vya fangasi: vidogo, vyote saizi moja, vimejaa kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, na vinawasha. Chunusi kwa kawaida inauma, haiwashi sana. Hivi vya fangasi huzidi wakati wa joto na jasho, na huzidi zaidi mtu akimeza antibiotiki, kwa sababu antibiotiki inaua bakteria na kumwachia fangasi uwanja. Tiba yake ni dawa ya fangasi kama ketokonazoli.

Mtoto mchanga mwenye vipele mashavuni wiki za kwanza mwache. Mwoshe kwa maji, usimpake chochote, vitaondoka vyenyewe.

Hatua ya 3: Pima kiwango chako

Kama una vichwa vyeusi na vyeupe tu, au pamoja na vipele vichache, hiyo ni chunusi nyepesi. Utaitibu nyumbani.

Vipele vingi vyekundu (kwenye ngozi nyeusi vinaonekana vya zambarau au vyeusi kuliko ngozi ya pembeni) na vingine vyenye usaha kwa juu, hicho ni kiwango cha kati. Anza nyumbani, lakini ujue huenda ukahitaji vidonge.

Kisha kuna zile ngumu, za ndani, ukigusa unasikia kama punje chini ya ngozi, zinauma usiku ukilalia shavu. Au vivimbe laini vilivyojaa maji na usaha, wakati mwingine vinaungana. Hizo ni kali, na zinaacha mashimo na makovu ya kudumu. Usijaribu mpango wa nyumbani kwa miezi mitatu huku uso unaharibika. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6. Vivyo hivyo kwa chunusi ya aina yoyote ambayo tayari imeanza kuacha makovu, na kwa yeyote ambaye ukoo wao wana makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Ngozi nyeusi ina tabia hiyo zaidi, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya.

Hatua ya 4: Tafuta kinachochochea, na ukiondoe

Hapa ndipo ninapopenda kuchukua muda, maana naona dawa nzuri zikishindwa kwa sababu ya kitu kilichobaki kwenye kabati la bafuni.

Binti anaingia dukani, anasubiri wateja waondoke, ndipo anasogea. "Shikamoo anti. Naomba ile krimu ya chunusi." Ipi? Jina hajui, anafungua simu na kuonyesha picha ya tyubu ya rafiki yake. Ninaikuza picha kwa vidole viwili hadi maandishi madogo ya pembeni yasomeke: betamethasoni, neomaisini, klotrimazoli. Yaani steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi vimewekwa pamoja. Haikutengenezwa kwa ajili ya chunusi. Lakini rafiki yake hakusema uongo: aliipaka, na siku ya tatu uso ukawa laini, umetakata. Steroidi inazima uvimbe haraka kuliko kitu chochote. Kinachofuata hakipo kwenye picha. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na baada ya wiki au miezi vinatoka vipele vingi vya saizi moja vyenye usaha. Ukiacha kupaka, uso unawaka moto, ukirudia, unatulia. Mtu anaamini krimu ndiyo inayomponya, kumbe ndiyo inayomletea.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, ni hadithi hiyohiyo ikiwa imeongezwa mengine. Ndani yake mara nyingi kuna klobetasoli, ambayo iko kwenye kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka, pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi huleta weusi wa kibluu ambao hautoki, jambo ambalo madaktari wa Afrika Kusini waliliandika tangu 1975. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 kazi ya kuvisimamia iko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini marufuku haijazuia ndoo za mchanganyiko zisizo na lebo. Kanuni yangu ni rahisi: kitu kisichotaja kilichomo ndani hakigusi uso.

Kama umepaka steroidi usoni kwa miezi, usiache kwa kukurupuka siku moja halafu ukarudi ukiona uso umewaka. Nenda kliniki akupangie mtaalamu namna ya kuiacha. Uso utachafuka kabla haujatulia, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Mafuta ya nywele. Angalia chunusi zako ziko wapi. Zikijipanga kwenye paji la uso, karibu na nywele, na kwenye panja, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta mazito ya nywele au jeli ya kulaza nywele za mbele. Mafuta ya nazi, pamoja na heshima yake yote pwani, yanaziba vitundu kwa watu wengi wenye ngozi ya chunusi. Yaache kichwani, yasishuke usoni, na foronya ibadilishwe kila wiki.

Msuguano na joto navyo vinachochea. Dereva wa bodaboda anapata chunusi pale mkanda wa helmeti unapokaa kidevuni; mwanafunzi anazipata mgongoni chini ya begi. Osha mkanda wa helmeti kwa sabuni. Ni jambo dogo, wachache wanalifanya.

Dawa ulizoandikiwa kwa ugonjwa mwingine zinaweza kuwa chanzo: steroidi za vidonge, baadhi ya dawa za kifafa, isoniazidi inayotumika kutibu TB. Njia za uzazi wa mpango zenye homoni moja tu, projestini, kama sindano na vipandikizi, huongeza chunusi kwa baadhi ya wanawake, wakati vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi hupunguza. Dawa ya TB usiiache kwa ajili ya kipele, tafadhali. Kipandikizi nacho usikimbilie kukitoa kabla ya kuzungumza na muuguzi juu ya njia nyingine, usije ukatibu uso ukapata mimba usiyoitarajia. Vijana wa jimu: unga wa protini ya maziwa umehusishwa na chunusi, na sindano za kujaza misuli ni mbaya zaidi.

Chakula? Ushahidi unaoeleweka uko upande wa sukari na wanga unaoyeyuka haraka: soda, keki, maandazi ya kila asubuhi, mkate mweupe. Vinapandisha insulini, na insulini inaziamsha tezi za mafuta. Maziwa yana ushahidi, ila ni dhaifu kidogo. Karanga, mayai na parachichi, ambavyo watu hunyimana kwa sababu ya chunusi, havina kesi ya maana ya kujibu. Kunywa maji mengi ni kuzuri kwa figo, chunusi haiyajali.

Mwanamke mwenye chunusi zisizokoma, hedhi inayoruka miezi, na nywele zinazoota kidevuni au kifuani, aombe kupimwa homoni. Huenda ni tatizo la ovari ambalo madaktari huliita PCOS, na krimu peke yake haitalimaliza.

Hatua ya 5: Anza dawa, na uihesabie wiki

Kwanza toa usoni vitu ambavyo si dawa. Dawa ya meno inakausha kipele na kuchoma ngozi ya pembeni. Ndimu na limau ni hatari zaidi: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, unapata kuungua na baka jeusi la miezi. Liwa na manjano havina ubaya vikipakwa laini, ingawa sitavihesabu kuwa tiba. Singo ya kusugua ni jambo tofauti; bibi harusi mwenye chunusi zenye usaha amwambie anayemsinga aishie shingoni.

Uso uoshwe asubuhi na jioni, na baada ya jasho jingi, kwa sabuni laini isiyo na harufu kali, kwa vidole, maji ya kawaida. Sabuni ya kufulia hapana. Dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni hapana. Kausha kwa kugusagusa taulo safi, usifute. Ngozi ikikaukiana baada ya kuoshwa, ujue sabuni ni kali.

Dawa za kupaka ni nyingi, lakini ningekupa pesa kidogo nikakutuma dukani ungerudi na mbili tu.

Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, jeli au sabuni ya maji. Inaua bakteria, na bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Chukua ya asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 inachoma zaidi bila kuponya zaidi, ingawa muuzaji asiyejua atakuambia ndiyo yenye nguvu. Ina tabia moja ya kukumbuka: inapausha nguo. Kanga yako nzuri ikigusa uso wenye jeli mbichi itabaki na baka la rangi ya chungwa, hivyo foronya na taulo viwe vyeupe.

Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1. Iko kwenye ukoo wa vitamini A na kazi yake ni kuzuia vitundu visizibe, maana yake inashughulika na chunusi ambazo bado hazijatokea. Hii ndiyo iliyo moyo wa mpango. Mjamzito au anayetafuta mimba asiitumie. Usipoipata, tretinoini inafanya kazi hiyohiyo ila inakera zaidi, na isipakwe kwa wakati mmoja na benzoili peroksaidi. Moja asubuhi, nyingine usiku.

Wenye vichwa vyeusi tu na ngozi isiyovumilia wanaweza kuanza na asidi salisiliki ya asilimia 2 au chini. Na kwa mjamzito, au kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni madoa, asidi azelaiki ya asilimia 15 au 20 ni chaguo zuri sana, ingawa si kila famasia inayo.

Sasa namna ya kupaka, kwa sababu hapa ndipo inapoharibika. Usiku, osha uso, subiri ukauke kabisa, kama dakika 20. Kamua adapalini kiasi cha njegere moja kwenye kidole. Weka nukta paji la uso, pua, kidevu na kila shavu, kisha sambaza nyembamba uso mzima ukikwepa macho, pembe za pua na pembe za mdomo. Chunusi haipigwi dawa kipele kwa kipele. Unapalilia shamba zima, pamoja na pale ambapo gugu halijaota. Juu yake paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mazito. Wiki mbili za kwanza fanya hivyo usiku mmoja ukiacha mmoja au miwili. Ngozi ikizoea, kila usiku. Benzoili peroksaidi ipake asubuhi, nayo nyembamba, au tumia ile ya kuoshea: ipake, iache dakika chache, suuza.

Wiki ya pili hadi ya nne ni mbaya. Ngozi inakauka, inabanduka kidogo kando ya mdomo, na chunusi zinaweza kuongezeka. Hapa ndipo wengi wanapoirudisha tyubu dukani wakisema imewadhuru. Ikiwaka kupita kiasi, punguza siku, usiache. Lakini uso ukivimba, macho yakafumba, au malengelenge yakatoka, hiyo ni aleji: osha, acha, nenda hospitali.

Kufikia wiki ya sita au ya nane vipele vipya vinapungua. Hukumu ya kweli itolewe wiki ya 12. Piga picha siku ya kwanza, mahali palepale, mwanga uleule, na nyingine kila mwezi. Kioo cha kila asubuhi hakioni mabadiliko.

Losheni ya klindamaisini inauzwa sana, na inasaidia, ila isitumike peke yake. Bakteria wanaizoea ndani ya miezi, na usugu huo haubaki usoni kwako tu. Ikitumika, iende na benzoili peroksaidi.

Na usitumbue. Najua utatumbua. Lakini ukibana kipele cha ndani, sehemu ya usaha inasukumwa chini badala ya kutoka juu, na uvimbe wa siku nne unageuka doa la miezi minane.

Hatua ya 6: Nenda kliniki ya ngozi

Nenda kama chunusi ni kali, kama zinaacha makovu, kama wiki 12 zimepita kwa uaminifu bila nafuu, au kama zinakufanya ukwepe watu, shule au kazi. Sababu hii ya mwisho ni ya kitabibu kama nyingine, usiione haya kuisema.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa, lakini usikate tamaa kabla ya kuuliza. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na hospitali ya mkoa wako inaweza kuwa na mmoja. Beba kila ulichowahi kupaka, pamoja na kopo la mkorogo. Hakuna atakayekucheka, na bila kopo hilo daktari anakisia.

Huenda ukapewa doksisaiklini ya kumeza. Imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, usilale mara baada yake, maana ikikwama kooni inachoma. Jua litakuunguza haraka kuliko kawaida. Haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto wa chini ya miaka 8, na kwa kawaida haizidi miezi mitatu au minne, huku krimu zikiendelea. Mwanamke anaweza kuandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili au spironolaktoni, baada ya kupimwa presha na kuulizwa historia yake.

Kwa chunusi kali kuna isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982 na ambayo mpaka leo hakuna iliyoipita. Inapunguza tezi za mafuta zenyewe, na kwa wengi chunusi hairudi tena, au inarudi kidogo. Humezwa miezi minne hadi sita au zaidi kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtu, pamoja na chakula chenye mafuta. Midomo itapasuka kila siku. Hiyo ni kawaida yake. Jambo lisilo na mjadala ni mimba. Dawa hii inaharibu ubongo, moyo, uso na masikio ya mtoto aliye tumboni, hata kwa siku chache za matumizi. Kipimo cha mimba kabla ya kuanza, uzazi wa mpango wa uhakika wakati wote na mwezi mmoja baada ya kumaliza, vipimo vya damu vya ini na mafuta, hakuna kuchangia damu, na isichanganywe na doksisaiklini wala vidonge vya vitamini A. Ikiuzwa mtandaoni bila maswali hayo, usinunue, hata kama bei ni nusu. Na dada asimpe mdogo wake vidonge vilivyobaki.

Hatua ya 7: Madoa na makovu

Kwa ngozi zetu, mtu mara nyingi analalamikia madoa kuliko vipele. Tofautisha kwa kidole: funga macho, pitisha kidole juu ya doa. Kama ngozi ni tambarare, hilo ni doa la rangi, na litafifia lenyewe kwa miezi, pengine mwaka. Adapalini na asidi azelaiki zinaharakisha. Jua linachelewesha, kwa hiyo krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 kwenda juu, asubuhi, hata kwa mweusi tii. Zile zenye rangi ya ngozi zinazuia zaidi weusi kurudi. Kofia pana au mtandio navyo vinahesabika. Ukikimbilia krimu ya kung'arisha kwa ajili ya madoa, umerudi hatua ya 4.

Kama kidole kimesikia shimo au mwinuko, hilo ni kovu, na hakuna krimu ya dukani itakayoliondoa. Lililovimba hudungwa sindano ya steroidi na mtaalamu, hapohapo kwenye kovu. Mashimo yana tiba za kitaalamu, kama ile ya sindano nyingi ndogondogo, lakini zote zisubiri chunusi zikome kwanza, na zifanywe na mtu aliyezoea ngozi nyeusi. Asidi kali na leza mikononi mwa asiyejua huacha mabaka mabaya kuliko kovu lenyewe.

Uso ukishatulia, benzoili peroksaidi unaweza kuipunguza au kuiacha. Adapalini endelea nayo, hata usiku mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi zaidi, maana vitundu havijaacha tabia yake. Tyubu ya gramu 30 kwa matumizi hayo itakaa muda mrefu. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua, uiweke mbali na joto, na hedhi ikichelewa acha kupaka mpaka umepima.